Imenyeshewa Mara Ngapi? Siku Saba za Kahawa Kutoka Tanga Hadi Kilema

Jumatatu. Tanga, Muheza, Amani

Saa kumi na moja alfajiri muuza kahawa wa mtaani kwetu alikuwa ameshafika kona ya msikiti, dele mkono mmoja, vikombe vikigongana mkono wa pili. Nikanywa viwili na kipande cha kashata kabla ya kwenda stendi. Kahawa hii ya barazani haiulizwi imetoka wapi. Imekaangwa ikawa nyeusi tii, ikatwangwa, ikachemshwa na tangawizi. Mvua yoyote iliyowahi kuinyeshea ilikwisha kufia motoni.

Ya kwangu inaulizwa. Nakaanga kahawa kwa mashine ndogo inayokula kilo tano kwa mkupuo, na wateja wangu ni watu wanaovuta harufu kwanza, kisha wanakunywa, kisha wanakutazama usoni. Mwaka jana nilinunua gunia la kahawa ya Kilimanjaro kutoka kwa mtu ambaye sina haja ya kumtaja. Sampuli aliyonitumia mwanzo ilikuwa na uchachu mzuri, ule wa chenza. Gunia lilipofika, likanywewa na mteja wangu mmoja, akaweka kikombe chini akasema: "Hii inanukia kanzu iliyokunjwa mbichi." Nilikasirika, nikaonja, nikakuta ana haki. Nikampigia muuzaji. Akaapa kwamba shamba ni lile lile, mti ni ule ule, na mchumaji ni yule yule.

Nikampigia shemeji yangu wa Marangu kulalamika. Akacheka. "Shemeji, shamba lile lile, sawa. Umemuuliza imenyeshewa lini?" Sikuwa nimeuliza. "Njoo Novemba," akasema, "uone tunavyokimbizana nayo."

Ndiyo safari hii. Ila sikwenda Marangu moja kwa moja. Muheza niliteremka, nikapanda basi la Amani, na dereva akalipandisha kwenye ule udongo mwekundu taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto. Kahawa ninayoitafuta iko Kilimanjaro, lakini nilitaka kwanza kuona mahali ambapo mvua iliishinda kahawa, na mahali hapo pako nyumbani kwetu, mkoa wa Tanga.

Miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walikata msitu wa Usambara Mashariki wakapanda kahawa. Ukiitazama miti ilivyo mirefu, nawe ungefanya hivyo hivyo: mahali penye mvua inayokaribia milimita 2000 kwa mwaka na miti kama nguzo za jumba, utasema hapa hata fimbo ikichomekwa itachipua. Haikupita miaka mingi mibuni ikaanza kudhoofu. Maji yanayokuza msitu ndiyo hayo hayo yaliyouosha udongo kwa karne nyingi. Rutuba iko juu, kwenye majani yanayooza. Chini ni udongo mwekundu, mchachu, mtupu. Ukikata msitu umebomoa ghala. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa mimea hapa Amani mwaka 1902, lakini kahawa ilikuwa imeshatoa jibu lake. Leo ukipita Derema unaona chai imetandazwa vilimani kama zulia. Chai inaupenda udongo mchachu, na haidaiwi tunda. Inadaiwa majani tu, na majani mvua inayatoa bila kinyongo.

Nyuma ya nyumba niliyolala kuna mibuni michache ya mapambo. Nilishika tawi moja nikahesabu: ua lililonyauka, tunda kijani, tunda jekundu, tunda lililokaukia mtini likawa jeusi. Tawi moja, kalenda nne. Huku hakuna mwezi unaoweza kuuita kiangazi bila kusita, na mbuni bila kiangazi hauna pa kuanzia kuhesabu. Vichomozo vya maua vya kahawa aina ya arabika hulala wakati wa ukame; mvua ya kwanza baada ya ukame ndiyo inayoviamsha, vyote kwa pamoja, na siku kumi hivi baadaye maua yanafunguka. Mvua ikiwa haikomi, hakuna wa kuamshwa kwa sababu hakuna aliyelala. Kila ua linatoka kwa wakati wake, na mchumaji anakwenda kwenye mti ule ule mwaka mzima kutafuta konzi moja.

Mwenye nyumba alinikaribisha chai. Nilitarajia hivyo.

Jumanne. Barabarani

Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Sina mengi ya kusema juu ya siku hii isipokuwa jambo moja linaloonekana dirishani. Kulia kwetu muda wote ilikuwa milima, Usambara kisha Pare, na vilele vyake vimefunikwa mawingu. Sisi tulikuwa chini upande wa pili, kwenye mkonge na miiba na vumbi. Upepo unatoka baharini umebeba maji, unapanda mlima, unapoa, unayaacha maji kule kule, na unapoteremka upande wetu umebaki upepo mtupu. Same tulisimama dakika kumi. Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu akitokea Lushoto alikuwa amevaa sweta, akalivua hapo, akasema, "Mvua yote tumeiacha kule."

Kilimanjaro nao una tabia hiyo. Upande wa kusini na kusini mashariki ndio unaopokea upepo wa baharini, ndio wenye mito, migomba na kahawa. Ukizunguka kwenda kaskazini mvua inapungua. Watu wa mbali husema "kahawa ya Kilimanjaro" kana kwamba mlima una hali ya hewa moja.

Himo tulifika saa kumi jioni. Mlima haukuonekana, umevaa wingu hadi magotini. Bodaboda ikanipandisha Marangu, na kadiri tulivyopanda ndivyo barabara ilivyokuwa mbichi zaidi.

Jumatano. Kihamba

Kihamba cha mama mkwe, yaani shamba la Kichagga linaloizunguka nyumba, kiko kwenye mita 1500 hivi. Anayekiona mara ya kwanza hudhani ni pori lililofyekwa kidogo: juu kabisa mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na majani ya ng'ombe. Mfongo, mfereji wa kumwagilia, unapita ukingoni ukinong'ona. Nilipozoea kivuli ndipo nilipoona kwamba kila kitu kimepandwa na mtu, na kila kitu kina sababu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuchuma au kuandika?"

Nikaweka daftari mfukoni, nikapewa ndoo.

Mavuno ya huku huanza Julai huko chini na hupanda mlima polepole. Chini ya Marangu watu wamekwisha kuvuna, huku juu bado, na vuli imeshaanza. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kahawa iliyochumwa Agosti ilikutana na baridi na mawingu ya asubuhi, lakini si maji mengi. Hii ya Novemba inakutana na mvua ikiwa bado mtini.

Mama mkwe anachuma kwa vidole vitatu, anazungusha tunda kama anayefungua kifuniko, na kila jekundu analiangalia kabla ya kulitupa ndooni. Nilimwona akiweka mengine kwenye mfuko wa kanga. Nilipouliza akanionyesha moja: limepasuka. Tunda likikaribia kuiva kisha likapigwa na mvua kubwa, linavimba kuliko ngozi yake. Likishapasuka linaanza kuchacha lenyewe huko huko mtini, na nzi wanajua kabla yako. Akanipa mawili ninyonye, moja la upande wa mringaringa ambako mvua haigongi sana, jingine la ukingoni palipo wazi. La kwanza lilikuwa na utamu wa tikiti. La pili lilikuwa na utamu ule ule uliotiwa maji. Hakuna kipimo nilichokihitaji zaidi ya ulimi.

Lakini alinikanya nisiilaumu mvua yote. "Ukubwa wa punje ni Januari," alisema. "Januari na Februari jua linawaka, na tunda la Novemba ndipo linapotaka kutanuka. Mwaka ambao zamu ya mfongo haikutufikia, tulivuna punje kama mbaazi." Masika inapokuja Machi, ganda limeshakuwa na ukubwa wake; kazi ya masika ni kulijaza. Hesabu hiyo nimeisoma vitabuni kwa maneno marefu: ua hadi tunda bivu ni miezi saba hadi tisa kwa arabika, na maji ya kila kipindi yana kazi yake. Sikuwahi kuisikia ikiwa imesemwa na mtu aliyegombania zamu ya maji usiku.

Nilimwuliza kwa nini ya huku juu ina uchachu mwingi kuliko ya chini. Hakujibu, alinyoosha kidole juu. Wingu. Tangu saa nane lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba. Wingu linapunguza jua, baridi inalichelewesha tunda, na tunda linalochelewa lina muda wa kujijazia sukari na uchachu wake ndani ya punje. Wakaangaji wa Ulaya huandika kwenye pakiti "mita 1500" kana kwamba urefu wenyewe una ladha. Urefu ni baridi, na hapa baridi inaletwa na wingu lile lile linaloleta mvua.

Jioni tulimenya. Mashine ni ya mkono, chuma cha zamani. Shemeji anazungusha, mimi namimina. Punje zinatoka zikiwa na ute, zinaingia ndooni kulala. Kwenye joto la Himo kuchacha huko ni usiku mmoja. Huku, siku za mvua, ni siku moja na nusu, pengine mbili. Ukiwahi kuosha, ute unabaki na unakaribisha ukungu. Ukichelewa, kahawa inapata ladha ya siki. Saa haisaidii. Unatia mkono, unasugua: ikiteleza, bado, ikikwaruza kama changarawe za mtoni, tayari.

Kabla ya kulala shemeji akanimulika tochi kwenye matawi. Vichomozo vyeupe vilikuwa vimesimama vimefumba, kama njiti za kiberiti. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Alhamisi ya wiki iliyopita. "Hesabu mwenyewe," akasema.

Alhamisi. Turubai

Asubuhi kulikuwa na jua. Nalitaja kwa sababu ndilo lililotuponza.

Vichanja viko vinne, miti na wavu wa waya, urefu wa kiuno. Kahawa iliyooshwa inatandazwa juu yake ikiwa bado ndani ya ganda lake gumu la ndani, na hewa inapita chini na juu. Kichanja cha tatu kilikuwa na kahawa iliyochumwa Jumamosi na kuoshwa Jumatatu. Tayari ilikuwa imenyeshewa mara moja, Jumanne, wakati mimi nashangaa vumbi la Same. Kazi ni kugeuza kwa mikono, kutoa zilizovunjika, zilizobabuka, zenye jeraha la mdudu, na kugeuza tena. Saa nne hadi saa saba tuligeuza tukipiga soga.

Saa saba na robo mama mkwe akainua uso akavuta pua. Mimi sikusikia kitu. Yeye alikuwa ameshasimama.

Sijui niielezeje ile mbio. Turubai nne, kamba kumi na sita, na mvua inayokuja ikisikika kwenye migomba ya jirani kabla haijakufikia, kama watu wengi wanaopiga makofi wakija. Tulifunika vitatu. Kilichobaki, kichanja cha tatu, nilichokuwa naking'ang'ania mimi, upepo uliinua pembe na ncha nzima ya mashariki ikapigwa. Mvua ya huku haijaribu. Ikianza imeanza.

Tulikaa jikoni hadi magharibi, mtori mezani, moshi machoni. Hapo ndipo nilipopata jibu la gunia langu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu wauzaji na wanunuzi wengi, mimi nikiwemo, tumekuwa tukilisema vibaya.

Tunasema: mvua imeharibu kahawa, haikukauka upesi. Upesi si hoja. Kahawa inayokauka pole pole kwa siku kumi na tano kwenye hewa ya baridi huwa nzuri kuliko iliyokaushwa kwa siku tano juani hadi ganda likapasuka. Unaanza na punje ambayo nusu yake ni maji, unataka kufika asilimia 10 hadi 12, na mwendo wa taratibu haudhuru maadamu hewa inapita na mkono unageuza. Kinachodhuru ni kurudi nyuma. Punje iliyofika katikati, ikanyweshwa maji tena, inavimba; ikikaushwa tena inanywea; ganda linaachia ufa, na ndani ya ufa ukungu unapata nyumba. Na ukiifunika turubai mchana kutwa kuikinga, inatoa jasho chini ya turubai. Ukifunua inanyeshewa, ukifunika inavunda. Ile harufu ya kanzu iliyokunjwa mbichi haikutokana na wingi wa mvua. Ilitokana na maji yaliyoingia mara ya pili.

"Na hiyo iliyorudiwa na maji mnaifanyaje?" nikauliza.

Shemeji akatazama moto. "Inachanganywa. Gunia moja ina madebe mangapi? Debe moja halionekani."

Halionekani, kweli. Linanyweka tu.

Kuna watu waliokata shauri kutogombana na mvua. Sumatra huko Indonesia, nyanda za juu za Gayo, mawingu hayatoi nafasi ya kukausha hadi mwisho, kwa hiyo wakulima wanakoboa punje ikiwa mbichi, karibu theluthi moja ya uzito wake bado ni maji, kisha wanaikausha ikiwa uchi. Inatoka na rangi ya bluu-kijani, na kikombe chake ni kizito, uchachu kidogo, kina harufu ya udongo na majani. Nimewahi kuikaanga. Haifanani na chochote cha Afrika Mashariki, na kuna watu wameipenda hadi hawataki nyingine. Wenzetu wa Malabar, pwani ya magharibi ya India, wamefika mbali zaidi: wanaifungulia maghala yao upepo wa Juni hadi Septemba, punje inakunywa unyevu kwa wiki kadhaa, inavimba, inapauka, uchachu unakwisha kabisa. Inasimuliwa kwamba walianza kuiga ladha ambayo zamani kahawa iliipata yenyewe kwa kukaa miezi ndani ya jahazi. Na upepo huo ni ule ule tunaouita kusi, uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka kwetu kwenda kwao. Nilimweleza mama mkwe. Akasema, "Wanainyeshea makusudi?" Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Usiku, kabla ya kulala, mimi ndiye niliyetumwa kufunga kamba za mwisho. Nilifunga.

Nilidhani nilifunga.

Ijumaa. Kilema

Saa kumi na mbili asubuhi pembe ya kichanja cha tatu ilikuwa wazi, turubai limening'inia, kamba moja iko chini kwenye tope. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe aliifunga kamba, akanitazama, akanitilia uji. Ningependelea kugombezwa.

Shemeji akaniokoa kwa kunichukua Kilema. Tulikwenda kwa miguu, kupanda na kushuka makorongo, kila korongo na kijito chake. Kilema ndiko mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikopanda kahawa mwaka 1898, na ndiko historia ya kahawa ya Wachagga inakoanzia. Asili ya aina hiyo ni kisiwa cha Réunion, nacho ni kisiwa cha mvua na mlima. Nikawa nafikiri njiani: Wajerumani kule Usambara na mapadre hawa walikuwa wakipanda karibu miaka ile ile, mmea ule ule, wote wakifuata mvua. Tofauti ni kwamba huku udongo ni majivu ya volkano, haujachoka, na mvua inakuja mara mbili kwa mwaka kisha inaondoka. Ile kuondoka ndiko kulikofanya kazi. Mwaka 1933, Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Asili Kilimanjaro, KNCU, kilipoanzishwa, wakulima wa mlimani walikuwa wameshajua kwamba huu ndio mti wa ada za shule.

Tuliendelea kupanda hadi karibu na msitu. Huko mvua inazidi, kwa sababu mlima hupokea maji mengi zaidi kwenye ukanda wa msitu, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Mibuni ya huko ilikuwa na majani mazuri, ya kijani kilichoiva, na matunda yenye madoa meusi yaliyobonyea. Chule buni. Kuvu wake anapenda baridi na maji, anasafiri kwa matone, kutoka tunda hadi tunda, tawi hadi tawi. Mzee mmoja tuliyemkuta akifyeka chini ya mibuni alituambia mwaka wa masika kubwa alivuna robo.

"Shikamoo babu. Huoni heri kupanda ile mipya ya Lyamungu, isiyoshikwa na chule?"

"Nimepanda kule chini. Hii ya juu ni ya marehemu baba. Siing'oi."

Lyamungu kuna kituo cha utafiti tangu 1934, leo ni makao makuu ya taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, na miche yake inayohimili chule buni na kutu ya majani imesambaa sana. Kuna wakaangaji wanaodai mibuni ya zamani ina ladha nzuri zaidi. Pengine. Lakini mti uliopoteza matunda yake kwa chule hauna ladha yoyote ya kulinganishwa.

Babu aliniambia pia kwamba zamani mvua ya vuli iliweza kungojewa kwa tarehe. Siku hizi inatuma manyunyu Septemba, inaamsha maua machache, inanyamaza, inarudi Novemba na kuamsha mengine. Maua mawili, mavuno mawili yaliyochanganyika mtini, na wachumaji wa kulipwa mara mbili. Nilikumbuka lile tawi la Amani.

Jumamosi. Moshi, chumba cha kuonjea

Shemeji ana rafiki anayefanya kazi ya kuonja kahawa. Alitupokea saa tatu, dada mwenye aproni na sauti ya chini, akapanga vikombe mezani bila majina, herufi tu. Gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, maji ya nyuzi 93 hivi, dakika nne, kisha unavunja utando wa juu kwa kijiko ukiwa umeinamisha pua. Kisha unafyonza kwa kelele. Watu wa Tanga tumelelewa kunywa kwa kelele, hapo sikuwa na la kujifunza.

Kahawa ikipata alama 80 kwenda juu kati ya 100 huitwa kahawa maalumu. Chini ya hapo ni kahawa tu. Kikombe A kilinichangamsha: chenza, zabibu mbichi, utamu unaobaki kooni kama muwa. B kilikuwa cha mviringo zaidi, utamu wa sukari guru, uchachu mpole. C kilikuwa robusta, aina nyingine ya kahawa, kizito, kichungu, harufu ya karanga, alikiweka kututania. D sikukihitaji kukionja mara ya pili. Kanzu.

A ilikuwa ya kihamba cha mama mkwe, ya Agosti. B ilitoka Mbozi. Kule nyanda za juu kusini mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, kisha mbingu inafungwa. Wanavuna kiangazi na kukausha chini ya jua lisilo na wasiwasi. Nilitaka kuandika kwamba hiyo ndiyo sababu ya ule upole wake, dada akanishika mkono. "Kaka, kikombe kimoja si wilaya." Aina ya mti, udongo, aliyeosha, vyote vimo. Nilichoweza kusema ni kwamba B ilikuwa safi, haina doa, na usafi huo mvua haikuwa na nafasi ya kuugusa.

D ilikuwa gunia langu la mwaka jana. Nilikuwa nimebeba robo kilo. Aliipa 74. Nikamwuliza kama ni mvua.

"Ukungu upo, na ukungu unataka maji. Lakini ni ya mwaka jana pia, ukongwe umo, na imekaa Tanga kwenye joto. Usimbebeshe mvua mizigo ya ghala lako."

Nililipokea hilo. Kisha nikamwuliza swali la safari: je, angeweza kuonja A asubuhi moja na kusema ilinyeshewa lini? Alifikiri. Alisema hapana, mvua ya kwenye maua na mvua ya kwenye tunda haijitaji. Unakuta uchachu, unakuta utamu, unakuta punje kubwa au ndogo, na kila kimoja kina wazazi wengi. Mvua pekee inayojitaja kikombeni ni ya kichanjani.

Jumapili. Maua

Niliamshwa na harufu. Nilidhani ni asumini, nikakumbuka kwamba niko Marangu. Nje, mibuni yote ilikuwa imefunguka usiku, matawi meupe kutoka shinani hadi nchani, na nyuki wameshafika. Siku kumi tangu ile Alhamisi. Haya maua hudumu siku mbili tatu tu. Shemeji alikuwa amesimama katikati na kikombe cha chai, hasemi kitu, anahesabu kwa vidole. Alifika Julai akaanza upya.

Ajabu ilikuwa kuona ua na tunda bivu kwenye mti mmoja bila kufadhaika kama kule Amani. Hapa ni mwaka mmoja unampokea mwenzake mlangoni.

Kabla ya kuondoka niliomba kitu kimoja: kichanja cha tatu kisichanganywe. Kikauke peke yake, kikobolewe peke yake, nitumiwe kwa basi, nami nitakikaanga na kukinywa pembeni ya vingine vitatu. Nitakilipia bei ile ile. Shemeji alisema nitajuta. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika kwa kalamu nzito, nikautia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwenye mguu wa kichanja: *Imechumwa Jumamosi. Imeoshwa Jumatatu. Imenyeshewa mara mbili.*

Mama mkwe alikuja na miwani yake, akasoma taratibu, akanyoosha mkono akaomba kalamu.

"Tatu," akasema. "Na ile ya kamba yako."